Chumvi Iliyooshwa

Watu wa Iyombola walikuwa na kipimo chao cha weupe. Hawakusema kama maziwa, wala kama pamba. Walisema, "Kama chumvi ya Tekla." Kanzu ya katekista ilisifiwa hivyo siku ya Pasaka, na meno ya bi harusi, na mara moja hata mbuzi wa mwanangwa, mkuu wa kijiji, aliyependa kusifiwa kwa niaba ya mbuzi wake.

Chumvi yenyewe ilitoka Uvinza kwa treni, imeshindiliwa ndani ya magunia, ya kijivu, ina mchanga na nyuzi za katani, na mara nyingine mende aliyekauka. Tekla Ngollo aliinunua stesheni, akaibeba kichwani mwendo wa saa mbili mpaka kijijini, akaiosha. Aliiyeyusha katika maji, akayachuja kwa kung'uto lililotandikwa nyasi safi za mbugani, kisha akayachemsha kwenye vyungu vipana mpaka punje zianze kukaa chini. Hapo ndipo ujuzi ulipokuwa. Asiyejua huacha chungu kikauke kabisa, akapata chumvi yenye uchungu, inayolia maji masika yote. Ajuaye huzichota punje kwa upawa zingali ndani ya maji, akazianika, na yale maji mazito yanayobaki chunguni, yenye rangi ya kutu, huyamwaga mbali. Tekla aliyaita uchafu wa chumvi.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, Limbu, ambaye katika ujana wake alikuwa mpagazi wa miaka ya mwisho ya misafara, kabla reli haijafika Tabora. Alibeba chumvi begani kutoka Uvinza hadi Unyanyembe, na begani palibaki kovu la ukubwa wa kiganja. Alikuwa na msemo mmoja tu kuhusu biashara: chumvi chafu ni tusi kwa mlaji. Katika ukoo wao mama hakumpa binti chumvi isiyooshwa. Binti aliyeolewa aliondoka na lindo, kasha la gome la mti, limejaa chumvi ya mkono wa mama yake. Na alipokuja nyumbani kujifungua, chungu chake kilitiwa chumvi ya mkono uleule.

Tekla alikuwa na rovu. Uvimbe huo ulikaa mbele ya shingo yake kama embe dogo, laini, usiouma. Mama yake alikuwa nao, na dada zake wawili. Pale Iyombola ilikuwa rahisi kuwahesabu wanawake wasio nao. Wasichana walioanza kuvimba walitaniwa kwamba sasa wamekua, maana shanga haziwezi kukaa vizuri kwenye shingo ya kuku. Hakuna aliyekwenda zahanati kwa ajili ya shingo.

Alikuwa na binti mmoja aliyeishi, Flavia. Mumewe alikufa kwa homa Flavia akiwa bado ananyonya, na Tekla akamlea kwa chumvi. Flavia aliolewa na Dionis, kibarua wa reli katika gengi la Igalula, upande wa mashariki wa Tabora. Kijana mtulivu ambaye, kama adabu ya mkwe inavyotaka, hakuwahi kumtazama Tekla usoni.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tisa, mwaka wa njaa, wakamwita Mayala, yaani njaa. Mwaka ule watu walikula mizizi, na Flavia alikula michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, iliyokwisha kuota ukungu. Kwa hiyo mtoto alipofika miaka miwili asitembee, na mitatu asiseme, hakuna aliyeshangaa sana. Njaa, walisema, ilimla ulimi tumboni. Aliishi kwa bibi yake. Alikuwa na miguu mifupi, uso mpana, na tabasamu lililochelewa kuja na kuchelewa kuondoka.

Mama yake Dionis, Bi Marcelina, alikuja mara moja kumtazama mjukuu wake. Alikaa, akala, akashukuru. Wakati wa kuondoka alimwambia Tekla kwa sauti ya chini:

"Mmoja ni bahati mbaya, mkwe wangu. Akija wa pili namna hii, basi ni tumbo. Na sisi tuna mwana mmoja tu."

Tekla alielewa. Mtoto wa pili angeamua kama Flavia ana nyumba au hana.

*

Mwaka wa hamsini na nne, mwezi wa Juni, dresa wa zahanati ya misheni alizunguka kijijini na baiskeli. Aliitwa Eustace Lugembe, kijana wa Nzega, mwenye kaptura iliyopigwa pasi na futi ya fundi cherehani mfukoni. Alikuwa ametumwa kupima shingo za wanawake.

"Unatushonea kola, dresa?" mmoja alimwuliza.

"Pima na kiuno basi, nipate gauni zima!"

"Gauni utashonewa na mumeo, mayu, mama yangu," Eustace alijibu, naye anaandika. "Mimi nimetumwa shingo tu. Nikishuka chini ya hapo nitafukuzwa kazi."

"Na mume wangu atakufukuza kijiji!"

Walicheka mpaka futi ikateleza. Eustace aliwapima arobaini na watatu siku ile. Wenye rovu walikuwa ishirini na tisa.

Alipofika uani kwa Tekla alimkuta Mayala amekaa kivulini, anageuzageuza gunzi la hindi. Eustace hakutoa futi. Alikwenda nyuma ya mtoto, akapiga makofi. Kisha akaokota sufuria, akaigonga kwa jiwe. Kuku walitawanyika. Mayala aliendelea na gunzi lake.

"Huyu ana miaka mingapi, mama?"

"Alizaliwa mwaka wa njaa. Jina lake si linakwambia?"

"Si njaa iliyomfanya hivi."

"Wewe ulikuwapo?" Tekla alikuwa anakoroga chungu, hakugeuka. "Sisi tulikula mizizi."

"Njaa ilikuwapo, mama, hata kwetu. Lakini wengine waliozaliwa mwaka ule hapa Iyombola, hawasemi?"

Tekla aliwahesabu kimoyomoyo. Walikuwa sita. Wanne walikuwa wakipiga kelele njiani wakati ule ule. Aliendelea kukoroga.

Eustace alikaa juu ya kinu kilicholala, akaeleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekariri lakini anayeamini anachosema. Mwili unahitaji kitu fulani, kidogo kuliko punje ya uwele. Baharini kimejaa, na watu wa pwani wanakipata kwa samaki. Bara, mvua imekiosha udongoni tangu zamani. Kwa hiyo mtama hauna, mahindi hayana, muhogo hauna, hata kisamvu. Shingo inavimba kwa kukitafuta. Mtu mzima akikikosa ataishi na shingo yake. Mtoto aliye tumboni akikikosa, ubongo wake hauivi, na masikio yake hayafunguki.

Kuhusu muhogo hakujua zaidi ya hapo, wala waliomfundisha hawakujua. Baada ya njaa ile serikali ilikuwa imeamuru kila nyumba iwe na shamba la muhogo, na Iyombola ilikuwa inakula ugali wa muhogo asubuhi na jioni. Miaka mingi baadaye wataalamu walikuja kusema kwamba muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha huzidi kuibana tezi ya shingo.

"Na chumvi yangu?" Tekla aliuliza.

"Chumvi yako ni nyeupe kuliko zote nilizoziona. Lakini kitu hicho haina."

"Dresa, umekuja kupima shingo au kutukana watu?"

Eustace alisimama, akainama kidogo. "Shikamoo, mama," alisema, ingawa alikwisha kumwamkia alipofika.

"Marahaba," Tekla alisema, akigeuka. Ugomvi ukaisha.

Flavia alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kutoka Igalula wiki moja kabla, kumsaidia mama yake kuvuna karanga, hivyo alivyosema. Aliuliza bila kumtazama mtu:

"Na kama mwanamke ana mimba sasa hivi, amechelewa?"

Hivyo ndivyo Tekla alivyojua. Alishusha upawa.

"Ya miezi mingapi?" Eustace aliuliza.

"Miwili. Labda na nusu."

"Hujachelewa," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na furaha. "Kesho njooni zahanati."

Sista wa zahanati alikuwa na chupa ya dawa na mizani ndogo. Alipima dawa, akaichanganya katika chumvi kwa mikono yake, akawagawia wajawazito kopo moja kila mwezi. Eustace alitoa maagizo, na Tekla aliyarudia neno kwa neno: kopo lifunikwe; lisikae juani; chumvi itiwe chungu kikishaipuliwa; aile kila siku mpaka ajifungue, na akinyonyesha aendelee.

"Abaki kwako, mama," Eustace alisema. "Wewe una mkono wa chumvi."

"Nitamlisha mwenyewe," Tekla alisema.

*

Nyumbani alimimina chumvi ile kwenye ungo, akaitazama.

Ilikuwa aibu. Punje zilikuwa kubwa na ndogo zimechanganyika, zenye unyevu, za manjano kama meno ya mvuta kiko. Zilinuka kama chupa ya dawa. Alitoa nyuzi mbili za gunia na kijiwe. Chumvi ya namna hii asingempa hata ng'ombe wa jirani, sembuse mwanawe mjamzito.

Hakuwa na dharau kwa dawa. Hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walisema alifanya kwa kiburi. Dawa, alivyoelewa yeye, ilikuwa imeingia ndani ya chumvi kama ukali ulivyo ndani ya pilipili. Unaiosha pilipili; ukali hauondoki. Kinachoondoka ni vumbi.

Aliiosha basi, kwa uangalifu kuliko chumvi yoyote aliyowahi kuiosha. Aliiyeyusha, akaichuja mara mbili, akaichemsha kwa moto wa taratibu. Punje zilipokaa alizichota. Yale maji yaliyobaki yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Hakuwahi kuona chumvi yenye uchafu mwingi hivyo, akashukuru kwamba ameiwahi. Aliyamwaga nyuma ya jiko. Na kwa kuwa dresa alisema isikae juani, hakuianika uani kama desturi yake. Aliitandaza ndani, gizani, juu ya kitambaa cha kanisani, akaisubiri siku tatu.

Mwezi uliofuata alifanya vivyo hivyo, na uliofuata, mpaka mwisho. Chumvi ya dawa ilikuwa ya Flavia peke yake. Tekla na Mayala walikula ya kawaida. Kila chungu kilipoipuliwa Tekla alichota kwa vidole vitatu, akatia, akakoroga, akaonja.

"Mama, mbona dawa yenyewe tamu?" Flavia aliuliza siku moja. "Wenzangu zahanati wanasema ya kwao inanuka."

"Wenzako hawana mama," Tekla alisema, na wote wawili wakacheka.

Mtoto alizaliwa Januari, msichana mnene, mzito. Alikuja amechelewa, na hakulia. Mkunga alimpiga nyayoni, akatoa sauti moja nzito, akanyamaza. Walimbatiza Getruda.

Wanawake waliokuja kumwona walimsifu kwa upole wake. Hakusumbua usiku. Ilibidi aamshwe anyonye, na hata alipoamshwa alisinzia titi mdomoni.

"Huyu amezaliwa na adabu zake," walisema. "Huyu ni sista!"

Dionis aliandika barua kutoka Igalula. Alisema wiki mbili hajaacha kusema Deo gratias, yaani Mungu ashukuriwe. Bi Marcelina alituma kanga.

Kumwogesha mtoto mchanga ilikuwa kazi ya bibi, na Tekla alimwogesha kila asubuhi. Mikono yake, iliyozoea kupambanua punje, ndiyo iliyojua kwanza. Ngozi ilikuwa ya baridi hata baada ya maji ya moto, na kavu kama ganda. Kitovu kilitokeza kama kidole gumba. Katika mwezi wa tatu ulimi ulianza kutokeza kati ya midomo, mnene, kana kwamba mdomo ni mdogo kwake. Asubuhi moja Tekla alidondosha kifuniko cha chungu makusudi karibu na kichwa cha mtoto. Flavia alishtuka kitandani chumba cha pili. Getruda alikuwa anatazama dari.

Tekla aliokota kifuniko, akamaliza kumwogesha.

"Nini hicho, mama?" Flavia aliita.

"Kimeniponyoka."

*

Tekla alisema anampeleka mtoto kupimwa uzito. Eustace alimweka Getruda juu ya meza, akamfunua, akamgeuza, akapiga makofi. Kisha aliketi.

"Flavia hakula ile chumvi."

"Amekula kila siku. Nimeitia kwa vidole hivi."

"Mama, nisamehe. Pengine aliwapa watu. Pengine mliuza."

Tekla alifungua ncha ya kanga. Alikuwa amekuja na chumvi hiyo kidogo, kwa kuwa alitaka dresa aipime aone kama imepoteza nguvu. Aliimwaga juu ya karatasi. Eustace aliitazama ile chumvi nyeupe kwa muda mrefu. Alichukua punje, akaiweka ulimini.

"Hii si yetu."

"Ni yenu. Ilikuwa chafu. Niliiosha."

Mlangoni watu walikuwa wakikohoa, wakingoja zamu. Eustace aliuliza polepole, kama mtu anayetaka jibu lichelewe:

"Uliioshaje?"

Akamweleza: kuyeyusha, kuchuja, kuchemsha, kuchota.

"Na maji yaliyobaki?"

"Niliyamwaga nyuma ya jiko."

Eustace aliondoa mkono wake mezani, akaupeleka usoni. Alipoanza kusema alisema kwa Kinyamwezi, lugha ambayo kazini hakuitumia. Dawa ile, alisema, haikai katika punje. Inapenda maji kuliko chumvi inavyopenda maji. Punje zikikaa chini, yenyewe inabaki juu, katika yale maji. Rangi ile ya chai ndiyo iliyokuwa dawa.

Tekla alirudisha ile chumvi kwenye ncha ya kanga.

"Sikukwambia," Eustace alisema. "Nilikwambia jua, nilikwambia kifuniko. Hili sikukwambia."

"Nani humwambia mpishi asioshe mchele?" Tekla alisema. Alimfunga mtoto mgongoni, akasahau kuchukua karatasi ya uzito.

Sista aliandika barua Tabora, na baada ya miezi mitatu vikaja vidonge. Vilimsaidia kidogo. Ngozi ilipata joto, ulimi ukarudi ndani, na mtoto akaanza kukaa akiwa na mwaka na nusu. Lakini kilichokosekana tumboni, Eustace alisema, hakilipwi nje. Masikio hayakufunguka.

Tekla hakumwambia Flavia. Alikusudia kusema siku ile ile, akiwa njiani alikuwa na maneno tayari. Alipofika Flavia alikuwa anaimba, anatwanga. Akasema uzito ni mzuri. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Keshokutwa Mayala alikuwa na homa. Hivyo siku zikawa wiki. Wakati huo Flavia mwenyewe alikwisha kuona, na alikuwa ameacha kuimba. Alianza kufunga chakula siku za Ijumaa. Alimwuliza mama yake kama katika ukoo wao kuna mtu aliyewahi kulaaniwa. Tekla alisema hapana, akatoka kwenda kuokota kuni, ingawa kuni zilikuwapo.

Miezi miwili ilipita hivyo. Kisha habari zikafika Igalula, na watu wa huko wakaja.

Walikuwa watatu: Bi Marcelina, Dionis, na mzee mmoja wa ukoo wao. Walikula kwanza, kama inavyostahili. Mayala alipelekewa chakula chake kivulini, na Bi Marcelina hakuacha kumtazama mpaka alipomaliza. Kisha mzee alikohoa.

"Hatukuja kwa ugomvi."

"Hatukuja kwa ugomvi," Bi Marcelina alidakia. "Tumekuja kurudisha chungu mahali kilipofinyangwa. Kimevuja mara mbili. Mwenye chungu asikasirike."

Flavia alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, Getruda mapajani. Hakuinua uso. Dionis naye alitazama chini, lakini yeye kwa sababu ya mkwe. Nje ya ua wanawake wa jirani walikuwa wamekuja kuomba moto, wote kwa pamoja.

"Tumbo la mwanangu halina kosa," Tekla alisema.

"Kila mama husema hivyo."

"Nisikilizeni. Dawa ililetwa. Mwanangu alipewa dawa ya kumlinda mtoto huyu, na mimi nikaimwaga."

Alieleza yote bila kupunguza, akitumia mikono yake kuonyesha chungu, kung'uto, upawa. Alipofika kwenye maji ya rangi ya chai mwanamke mmoja nje ya ua alicheka, kisha akanyamaza ghafla kama aliyezibwa mdomo.

"Umeosha dawa?" Bi Marcelina aliuliza. Hakuwa anakejeli. Hakuelewa tu.

"Niliosha chumvi."

Dionis alisimama. Aliomba baiskeli kwa jirani, akaenda zahanati. Hakuna aliyeondoka mpaka aliporudi, jasho limemlowesha shati. Alimwambia mama yake, "Ni kweli. Dresa anasema tumbo ni zima. Akila chumvi ile kama ilivyo, atazaa kama wengine." Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimtazama mkwe wake usoni, mara moja, na tena akatazama chini.

"Jiandae," alimwambia Flavia. "Twende nyumbani."

Flavia alifunga mzigo wake chumbani. Tekla alisimama mlangoni.

"Mama, neno hili umekaa nalo muda gani?"

"Miezi miwili."

Flavia aliendelea kukunja kanga. "Kuosha nimeelewa," alisema. "Ningekuwa mimi ningeosha. Lakini miezi miwili nimelala nikimwuliza Mungu nimemkosea nini, na wewe ukuta wa pili unanisikia."

Tekla alimpisha mlangoni. Flavia alipotoka lindo la chumvi alilojaziwa na mama yake lilibaki juu ya kitanda.

*

Siku za kugawa chumvi ya dawa Tekla alianza kwenda zahanati, akakaa kwenye ngazi, akamwambia kila mjamzito aliyetoka na kopo: usiioshe. Itie kama ilivyo. Wengi walikuwa wamejifunza kuosha kwake, au kwa mama zao waliojifunza kwake.

"Leo Tekla ndiye anatufundisha uchafu!" mmoja alisema. "Tumeishi tuone mengi."

Wengine waliitika, "Ndiyo, mayu," kwa heshima, na wakaenda kuiosha. Eustace aliyajua hayo kwa kuangalia vyungu vyao. Ilimchukua Tekla miaka kuwabadilisha baadhi yao, na wengine hakuwabadilisha kabisa. Yeye mwenyewe aliacha kuosha, hata chumvi ya Uvinza. Hakutoa sababu. Alilima karanga na kuuza uyoga, na watu walipotaka kusifu weupe walitafuta mfano mwingine.

Getruda aliletwa kwake alipoachishwa ziwa, kwa kuwa Flavia alikuwa mjamzito tena. Alimleta Dionis. Flavia hakuja.

Mtoto wa tatu alizaliwa Igalula, mwaka wa hamsini na saba, mvulana. Habari zilimfikia Tekla kupitia Eustace, aliyepewa na mtu wa treni.

"Chumvi alitia mwenyewe?" Tekla aliuliza.

"Mwenyewe, mama. Alikuwa na kopo lake."

Hakuitwa kumwogesha. Aliyemwogesha ni Bi Marcelina. Tekla alingoja siku arobaini ziishe, akawaacha wajukuu wake wawili kwa jirani, akapanda treni. Igalula walimpokea vizuri. Flavia alimwamkia kwa magoti, akampa kigoda, akamletea ugali na kuku, kila kitu kimekwisha kutiwa chumvi jikoni. Walizungumza juu ya mvua. Flavia aliuliza kama Mayala amepona kikohozi, na kama Getruda ameanza kusimama. Ameanza, Tekla alisema, akishika ukuta. Flavia aliitikia kwa kichwa, akainuka kuondoa vyombo, na Bi Marcelina, labda kwa huruma, alimweka mtoto mapajani mwa Tekla, akatoka.

Mvulana alitazama uso asioujua. Alikunja paji, akafungua mdomo, akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, miguu inapiga hewa, mpaka uso ukaiva na jirani akachungulia. Mikono ya Tekla ilimshika vizuri, asianguke. Hakumtikisa, hakumwimbia, hakumpa kidole.

Flavia alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Mama, mbona humbembelezi?"

"Mwache kidogo nimsikie," Tekla alisema.

Flavia alisimama pale, akasikiliza naye. Kisha akainama, akamchukua mwanawe, akaingia naye ndani. Tekla alikaa kidogo kwenye kigoda, akaaga, akaondoka na treni ya mchana, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wawili wa kulishwa.